Mume anasinzia kwenye usukani, mke moyo unamdunda kilimani

Swali

Assalaam alaykum, daktari. Naishi Pemba, wilaya ya Micheweni. Mume wangu ana miaka 48, anaendesha gari ya abiria kati ya Konde na Chake. Tangu mwaka jana hana nguvu na usingizi haumwishi. Akikaa barazani kidogo tu kichwa kinaanguka. Mwezi uliopita alisinzia akiwa ameshika usukani, utingo ndiye aliyempigia kelele. Amepimwa malaria, hana. Sukari kabla ya kula asubuhi ilikuwa 5.4. Ana presha, anameza dawa za aina mbili na bado haishuki sawasawa. Usiku huamka mara tatu kwenda haja ndogo. Amechomwa sindano za vitamini, hakuna kilichobadilika. Jirani anasema ni malale, wengine wanasema ametupiwa jicho. Mimi ninachojua ni kwamba anakoroma mpaka watoto wamehamia chumba cha pili. Huu ni ugonjwa gani na dawa yake nini? Mimi mwenyewe nalima mwani, na siku hizi nikipanda kilima kutoka pwani moyo unanidunda, na hamu ya kutafuna udongo imenirudi ingawa sina mimba, lakini mimi ni kazi tu.

Jibu

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi yako ya mwisho. Nitaifikia. Kwanza usukani, maana hapo pana roho za watu wengi.

Mumeo asipakie abiria mpaka aonwe na daktari. Najua uzito wa ninayoyasema: gari isipotoka, jikoni hakuwashwi moto. Lakini mtu aliyekwisha kusinzia mara moja barabarani atasinzia tena, na usingizi wa namna hii haupigi hodi. Ubongo hujizima kwa sekunde tatu au nne, pengine macho yakiwa wazi. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 60 katika sekunde hizo nne, haina mwenyewe. Kushusha kioo, kunawa uso, kuongeza sauti ya redio, yote hayo humpa dereva moyo tu, usingizi hayauondoi. Azungumze na mwenye gari, atafutiwe mwenzake wa kumshikia kwa wiki chache. Akisema ukweli kwamba anaumwa, haoni aibu yoyote mbele ya mtu mwenye akili.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Sisi tukisema "nimechoka" huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna mtu ambaye akikaa tu macho yanafumba: msikitini kwenye darsa, barazani, mbele ya televisheni. Huyo ana usingizi. Na kuna mtu ambaye viungo vimekuwa vizito, akipanda ngazi anahema, kazi ya jana leo haimkubali, lakini umlaze mchana hapati hata lepe. Huyo ana uchovu. Njia za kutafuta sababu zao ni mbili tofauti, na watu wengi huzunguka hospitali mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewauliza ni lipi kati ya hayo. Kwa maneno yako mwenyewe, mumeo ana usingizi. Wewe una uchovu.

Daktari mmoja wa Australia, Murray Johns, alitunga mwaka 1991 njia nyepesi ya kuupima usingizi wa mchana, nayo inatumika duniani kote hadi leo. Mtu anaulizwa uwezekano wa kusinzia katika hali nane: akisoma, akitazama televisheni, akikaa kimya mkutanini, akiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima, akijilaza alasiri, akizungumza na mtu, akikaa kimya baada ya chakula cha mchana, na akiwa ndani ya gari iliyosimama kidogo njiani. Kila hali hupewa alama kuanzia 0, yaani hasinzii kabisa, hadi 3, yaani uwezekano wa kusinzia ni mkubwa. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, usingizi huo si wa kawaida. Kaeni mjaze pamoja. Wewe ujaze yako na yeye yake, kisha mlinganishe, kwa sababu wenye usingizi hujipa alama ndogo.

Na sasa lile uliloliandika kama jambo dogo: anakoroma mpaka watoto wamehama. Hilo ndilo lililonishika.

Mtu akilala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa wengi hulegea kidogo tu, hewa ikapita ikitikisa nyama laini za kooni, ndiyo ule mkoromo tunaoucheka, na mambo yakaishia hapo. Kwa wengine koo hufunga kabisa. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haiingii, oksijeni kwenye damu inashuka, na baada ya sekunde 10, au 20, au hata dakika nzima, ubongo unashtuka na kumwamsha kiasi cha kufungua koo. Anavuta pumzi kwa kishindo, kama mzamiaji aliyezuka juu ya maji, kisha usingizi unamchukua tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa na mtu anasinzia mchana, huo tayari ni ugonjwa: ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini (kwa Kiingereza "sleep apnea"). Ikifika mara 30, ni ugonjwa mkali. Hesabu mwenyewe: aliyelala saa 7 kwa hali hiyo ameshtuliwa zaidi ya mara 200. Alikuwa kitandani usiku kucha, lakini usingizi wenyewe hakuupata.

Ukishauelewa mkatiko huo wa pumzi, mengine uliyoyataja yanajipanga yenyewe. Chukua huko kuamka mara tatu kwenda haja ndogo. Mlifikiri kisukari, na mlifikiri vizuri, lakini 5.4 asubuhi kabla ya kula ni sukari ya mtu mzima wa afya. Kinachotokea ni kwamba kifua kinapovuta kwa nguvu dhidi ya koo lililofunga, moyo hutanuliwa na mvuto huo, ukadhani mwili umejaa maji, ukatoa homoni ya kuziamuru figo ziyamwage. Figo zinatii tu. Au chukua presha isiyoshuka. Kila pumzi inapokatika mwili humwaga homoni za fazaa, mishipa inajikaza, na presha inapanda usiku, wakati ambao kwa kawaida ingeshuka ipumzike. (Hata hivyo muulize kwa upole kama dawa zake anazimeza kila siku. Wengi huzimeza siku kichwa kinapouma.) Muulize pia kama huamka na kichwa kizito na mdomo mkavu. Na kuna jambo hukuliandika, huenda kwa haya, nami nitalisema kwa niaba yako: ugonjwa huu hupunguza hamu ya unyumba. Ikiwa mwenzio amejitenga, usifikirie haraka kwamba moyo wake umehama.

Wanaoupata zaidi ni wanaume wa makamo wenye mwili, hasa shingo ikizidi sentimita 43. Mpime kwa utepe wa fundi cherehani. Lakini nimewaona wembamba pia, wenye kidevu kilichorudi nyuma au mafindofindo makubwa, na wanawake baada ya hedhi kukoma, ambao hukoroma kimya kimya na hakuna anayewauliza.

Mwenye ugonjwa huu hajioni. Shahidi ni anayelala ubavuni mwake, kwa hiyo wewe una kazi ambayo mimi siwezi kuifanya. Usiku mmoja, baada ya saa sita, washa simu irikodi. Sikiliza mkoromo unaopanda, ukatike ghafla, kimya, kisha kishindo. Hesabu sekunde za kimya hicho na uandike. Fanya hivyo usiku mbili tatu. Mwanamume akiambiwa anakoroma hucheka au hukasirika, lakini akikisikia mwenyewe kile kimya cha sekunde 20, kisha pumzi inavyorudi, mara nyingi hunyamaza, na hapo ndipo pa kumwambia, "Twende hospitali." Rikodi hiyo mpeleke nayo. Daktari atakayeisikiliza atajua mengi kwa dakika mbili.

Sijamwona mumeo, kwa hiyo sitasema nimeuthibitisha ugonjwa. Yapo mambo ya kuyaangalia kwanza, na la mbele kabisa ni saa zake za kulala. Dereva anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri amelala saa 5 tu, na mtu mzima anahitaji 7 au zaidi. Wiki hizi asipoendesha, alale saa 7 au 8 kila usiku. Usingizi wa mchana ukiisha, alikuwa na deni na amelilipa. Usipoisha, kuna kinachomuibia akiwa amelala. Muulize kahawa ya barazani anaimaliza saa ngapi: nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, basi vikombe viwili baada ya Isha vinalala naye. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupani ni hivyo hivyo. Na angalia vidonge vyake. Dawa za mafua na mzio za zamani, kama Piriton, humlaza mtu mpaka siku ya pili, na wapo wanaozimeza kila usiku kwa ajili ya vumbi la barabarani. Baadhi ya dawa za presha nazo huchosha. Hizo asiziache mwenyewe, ila aende nazo mkononi daktari azione. Vidonge vya usingizi asipewe hata nusu. Hulegeza koo zaidi.

Kuhusu malale, mtulize jirani yako. Malale huenezwa na mbung'o. Unguja mbung'o walikuwapo, wakisumbua zaidi ng'ombe, na wakamalizwa kwa njia inayonifurahisha kila nikiikumbuka: kuanzia 1994 ndege zilimwaga angani mamilioni ya madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, majike wakapandwa bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kama mumeo hakukaa kwenye mbuga za bara, lifuteni hilo. Malaria nayo huja na homa na humlaza mtu kwa siku chache. Haimsinzishi barazani mwaka mzima, kwa hiyo kipimo kikisema hana, msimnunulie dawa za malaria "kwa tahadhari". Na jicho? Dua na kisomo haviingilii kazi yangu, na mimi siviingilii. Ninachoomba ni kwamba visichukue nafasi ya safari ya hospitali.

Tiba yake ipo na ni nzuri. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, walionyesha kwamba ukimvisha mgonjwa barakoa ya puani na kumsukumia hewa kwa mashine ndogo, koo halifungi, na hadi leo hiyo ndiyo tiba kuu ya ugonjwa ukiwa mkali. Wapo wanaoamka asubuhi ya kwanza wakasema walikuwa wamesahau usingizi ni nini. Mashine ni ghali na inataka umeme, hilo sikufichi. Kabla yake hutakiwa kipimo cha usiku: mgonjwa hulala na vifaa vinavyosoma pumzi, moyo na oksijeni. Hakipatikani kila hospitali. Anzeni Micheweni au Wete, na daktari akiona haja ataandika rufaa ya kwenda Abdalla Mzee kule Mkoani, au Mnazi Mmoja, Unguja. Hata pale ambapo hakuna kifaa kamili, kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, akikivaa usiku kucha na namba zake zikahifadhiwa, kinaweza kuonyesha oksijeni ikishuka na kupanda. Mwombe daktari.

Wakati mnasubiri, asilale chali. Akilala chali ulimi huangukia nyuma. Shona mfuko mgongoni mwa fulana yake ya kulalia, utie mpira mdogo wa watoto. Akigeuka mpira huo utamrudisha ubavuni bila wewe kuamka. Akiwa na uzito mkubwa, kuupunguza hata sehemu moja ya kumi hupunguza idadi ya mikatiko. Pua ikiwa imeziba, itibiwe. Daktari ampime pia wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea huleta usingizi, baridi, kufunga choo na unene, na yenyewe huongeza mkoromo. Damu yake ikiwa chini ya 13, asipewe vidonge tu akarudishwa nyumbani. Mwanamume wa umri wake akipungukiwa damu lazima itafutwe inakovujia, mara nyingi tumboni.

Sasa nakuja kwako.

Umeandika "mimi ni kazi tu". Kazi ya mwani ni ngumu, naijua: kuinama maji yakikupwa siku za bamvua, jua la mgongoni, kisha gunia bichi kichwani mpaka juu. Lakini kazi hiyo hukuianza jana, na kilima ni kile kile. Moyo haukuwa ukidunda, sasa unadunda. Na hamu ya udongo kwa mtu asiye na mimba ni mojawapo ya dalili ninazoziamini sana. Mwili uliopungukiwa na madini ya chuma hutamani visivyo chakula: udongo, mchele mbichi, barafu. Huo si ulafi wala tabia mbaya, na hamu hiyo mara nyingi huondoka chuma kikirudi. Chuma ndicho kinachotengeneza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Kikipungua, moyo hulazimika kwenda mbio ili damu kidogo ifanye kazi ya damu nyingi. Mlio unaousikia kilimani ni huo.

Damu ya mwanamke asiye na mimba inatakiwa isipungue 12. Nenda upime, na ukiweza upime akiba ya chuma pia, kwa sababu akiba huisha kabla namba ya damu haijashuka, na unaweza kuambiwa "damu yako nzuri" huku mwili unalia. Pima na mimba, hata ukiwa na uhakika. Kisha tujiulize damu inakwenda wapi. Siku zako zinazidi 7? Kitambaa kinajaa kwa saa moja au mbili? Yanatoka mabonge? Kama ni hivyo, kizazi kiangaliwe, kwani uvimbe wa kizazi ni kitu cha kawaida na kina tiba.

Na kuna safura, ambayo Pemba tunaijua kwa jina na kwa sura. Minyoo yake huingia kupitia ngozi ya miguu mitupu kwenye udongo mbichi wenye uchafu wa binadamu. Maji ya chumvi hayana lawama. Fikiria bonde la mpunga, shamba, njia ya chooni. Ikifika kwenye utumbo huung'ata ukuta wake na kunywa damu. Mmoja wa aina ile kubwa anaweza kumaliza hadi robo ya mililita kwa siku, hivyo mia moja wanaweza kufika vijiko vitano vya chai kila siku. Maabara ya Ivo de Carneri kule Wawi, Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, imefanya kazi kubwa juu ya minyoo hii na kichocho hapa kwetu. Watoto wako huenda wanapewa dawa za minyoo skuli. Jiulize wewe mara ya mwisho ulimeza lini. Choo kipimwe, na mkojo pia, kwa ajili ya kichocho.

Vidonge vya damu usivinunue dukani kabla ya kupimwa. Hapa kwetu selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu) ipo, na damu ya mwenye nao hupungua kwa sababu nyingine kabisa. Ukishapewa, vimeze kwa maji yenye ndimu au kwa chungwa, na chai isogee mbali navyo. Nakusudia na ile ya rangi yenye mdalasini na hiliki, maana majani ya chai hukishika chuma tumboni kisiingie. Iwe saa moja au mbili baadaye. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Baada ya wiki 4 damu ingepaswa kupanda kwa kama namba 2, mfano kutoka 9 hadi 11. Isipopanda, rudi. Na ikifika 12 usiache, endelea miezi 3 zaidi ili akiba ijae. Wengi huacha wakijisikia vizuri, na baada ya nusu mwaka wanarudi kwangu na barua ile ile. Maini, pweza na dagaa vinasaidia, na kisamvu au matembele ukiyakamulia ndimu.

Damu na chuma vikiwa sawa na bado umechoka, usikubali kuambiwa huna kitu. Uchovu una milango mingine: tezi, kisukari, figo, homa ya ini, VVU, kifua kikuu ikiwa una kikohozi cha wiki 2 au jasho la usiku na unakonda. Kuna na sonona, ambayo kwa wanawake wetu huja mara nyingi kwa sura ya mwili kuchoka na moyo kutotaka kitu, bila machozi. Na usisahau kwamba wewe pia hulali. Mkoromo uliowahamisha watoto unalala nao kila usiku.

Ukihema hata umekaa, ukiumwa kifua, ukizimia, au choo kikiwa cheusi kama lami na hujameza vidonge vya chuma, usisubiri zamu ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Vinginevyo, nendeni pamoja wiki hii. Yeye aende na dawa zake zote mfukoni na rikodi kwenye simu. Wewe uandikishe kadi yako mwenyewe pale dirishani, usiingie kama msindikizaji. Majibu yakitoka niandikie, na namba ya damu yako uitangulize.